Impala ya Kisumu saa ya chakula: nyota nne

Kazi yangu ni kupokea simu za wateja wenye hasira, kwa hivyo ikifika saa saba kichwa kinavuma. Siku hizi nadandia boda hadi Kisumu Impala, hifadhi ya KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) iliyotengwa mwaka 1992 kando ya Ziwa Victoria. Ni ndogo, na hiyo ndiyo raha yake: unaizunguka na kurudi kazini bila bosi kukutafuta. Swala wanatafuna nyasi karibu na njia, masikio yakipepea kufukuza nzi, wala hawana habari nawe. Simu naizima kabisa (wateja watanisamehe). Ukibeba chapati, ifiche. Tumbili wa pale wana macho! Wikendi sikushauri, watoto ni wengi na kelele zao ni za sokoni.