TAHADHARI: Fundi wa kompyuta za zamani Mwanjelwa, akikwambia "bodi imekufa" usimwachie mashine

Wadau wa Mbeya, Songwe na Iringa, hasa nyie ambao wazazi wana zile kompyuta za miaka ya 90 zimekaa stoo, naombeni msome hii kabla hamjampelekea mtu.

Kuna fundi maeneo ya Mwanjelwa, Mbeya mjini, jina naliacha, anajitangaza kwenye magrupu ya watsapu kwamba anatengeneza kompyuta za kizamani na mbovu ananunua. Nilimpelekea 486, kompyuta ya mezani ya miaka hiyo ya 90, ya marehemu baba. Baba alikuwa anapigia mahesabu ya ushirika wa kahawa kule Mbozi kwa Lotus 1-2-3 (programu ya mahesabu ya enzi hizo, kama Excel ya leo), na humo ndani kuna barua zake na malipo ya wakulima msimu kwa msimu, sasa mama hataki itupwe na mimi sitaki. Nilipoiwasha nyumbani Vwawa ilihesabu ramu (kumbukumbu yake ya kufanyia kazi) vizuri mpaka mwisho, ikaandika kwamba betri imeisha na seti, yaani mipangilio yake, zimepotea, halafu ikagoma, diski haioni. Jamani kompyuta inayohesabu ramu na kuandika kwenye kioo bodi yake, ule ubao mkuu wa ndani, haijafa! Ila siku ile sikulijua hilo.

Akakaa nayo siku 9. Kila nikipiga simu "dada naitafutia spea". Mwisho ananiambia dada bodi imekufa, spea hamna Tanzania nzima, ila kwa kuwa umetoka mbali nakupa 20,000 niachie kama skrepa. Nikakataa. Akadai 15,000 ya kupima, nikalipa, nikapakia boksi langu kwenye Kosta nikiwa na machozi kabisa, maana nilishaanza kufikiria namwambiaje mama.

Sikuiwasha, na namshukuru Mungu sikuiwasha. Niliipeleka kwa mwalimu mmoja mstaafu pale Uyole ambaye alikuwa anafundisha kompyuta enzi hizo, akasema kabla ya umeme tufungue kwanza. Akachukua bisibisi, akatoa kifuniko, akanyamaza. Akanionyesha zile plagi mbili za pawa saplai zinazoingia kwenye bodi, zimeandikwa P8 na P9. Kwenye mashine hizi zinakaa ubavu kwa ubavu na waya nyeusi za plagi zote mbili lazima zikutane katikati. Zangu nyeusi zilikuwa nje, huku na huku, maana yake zimebadilishwa nafasi. Ningewasha vile bodi ingeweza kuungua palepale, na ningerudi kwake mwenyewe kuchukua hiyo elfu 20. Kama alikosea au alikusudia Mungu ndo anajua, mimi naamini alikusudia.

Mwalimu akazirudisha nyeusi kwa nyeusi, akakagua kile kiswichi chekundu nyuma kama kiko kwenye volti 230 (zilizotoka Marekani huwa kwenye 115, ukichomeka kwenye umeme wetu hivyohivyo pawa saplai inapasuka), ndo tukawasha. Kioo cheusi, inalia tii tii tii mara tatu. Akasema hiyo ni ramu. Kuangalia, sloti nne, ramu tatu. Ile sloti ya nne haina hata vumbi wakati zingine zote zimejaa vumbi jekundu la Mbozi, na vishikizo vyake bado viko wazi. Hizi ramu fupi za pini 30 kwenye 486 zinatakiwa nne kwa pamoja, kwa sababu prosesa (chipu ambayo ni ubongo wa kompyuta) inasoma biti 32 kwa mkupuo na kila ramu inatoa 8 tu, kwa hiyo ukichomoa moja kioo kinabaki cheusi na mwenye mali anaamini kweli imekufa.

Anazipeleka wapi? Prosesa za kauri za zamani zina dhahabu, na ramu nyingi kingo zake zimepakwa dhahabu, na wanaojua kuchenjua hatuko nao mbali, Chunya ni hapo tu. Dada mwingine wa Soweto ya Mbeya nimeongea naye jana, yake ilirudi feni inazunguka, taa inawaka, mlio hakuna hata mmoja. Kufungua, prosesa haipo.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa betri. Ni ile ya bluu kama kipipa kidogo, 3.6V, imepigwa solda karibu na tundu la kibodi, ilishavuja na kuacha ukungu wa kijani. Mwalimu akaikata, akasugua na mswaki uliochovywa siki kisha spiriti, tukaacha mpaka kesho yake ikauke, akaweka betri tatu za kawaida za AA kwenye pini za betri ya nje. Mtu asije akawapigia solda ile betri ya sarafu mahali pa kipipa bila kuweka dayodi, bodi inaichaji na ile haichajiwi, inaweza kupasuka. Ramu moja mwalimu akanipa kwenye boksi lake. Tukaingiza kwenye seti zile namba za silinda, hedi na sekta zilizoandikwa kwenye lebo ya diski, tukawasha tena, diski ya C ikatokea. Nikafungua faili la kwanza nikaona jina la baba juu kabisa, nikashindwa kusoma.

Mlioshampelekea fungueni leo, msichomeke umeme, angalieni P8 na P9, hesabuni ramu, angalieni prosesa ipo. Ambao bado, pigeni picha ya ndani kwanza, ramu na prosesa zionekane, mwonyesheni fundi kwamba mnayo, na aandike kwenye risiti amepokea nini.

Ramu yangu hajarudisha. Nimempigia mara nne tangu juzi, inaita tu.