Rubani wa ndege ya mizigo: anolewe kwenye simuleta au angani?

Kwa gharama, simuleta, yaani mashine ya ardhini inayoiga chumba cha rubani na mwendo wa ndege, inashinda bila ubishi: haichomi mafuta, na ndege inabaki kazini. Kwa dharura pia. Nani atazima injini ya 747 iliyojaa shehena ikiwa inapaa, eti ampime rubani? Kwenye simuleta zoezi hilo hurudiwa hadi mkono uzoee.

Ila ndani ya simuleta rubani anajua balaa linakuja. Februari 2019, Boeing 767 ya Atlas Air ilianguka karibu na Houston, Marekani: mfumo wa kughairi kutua uliwashwa bila kukusudiwa, rubani msaidizi akapagawa, akasukuma pua chini. Mshtuko huo hauigiziki kirahisi. Lakini tusiionee simuleta. Udhaifu wa rubani huyo ulishaonekana kwenye mafunzo ya awali, akamficha mwajiri.

Angani kuna uchovu halisi wa alfajiri na upepo usiotabirika. Tatizo ni uchache wa nafasi: safari ndefu ina marubani watatu au wanne, na kutua ni kumoja. Ndiyo maana wengine hurudi simuleta kutimiza sharti la kupaa na kutua mara 3 ndani ya siku 90.

Wa masafa marefu aongezewe simuleta. Wa safari fupi za usiku mkono anao. Yeye adaiwe mazoezi ya dharura tu.