Kampuni Iliyouza Vitu vya Marehemu Mama: Maoni Yangu Baada ya Kazi Kukamilika

Kampuni tuliyoikabidhi kazi ya kuuza vitu vya marehemu mama na kuifunga nyumba yake hujitangaza kwa wepesi wake: nyumba itaachwa tupu na safi, na fedha zitaingia katika akaunti ya mirathi bila warithi kulazimika kubeba hata kiti. Ahadi hiyo waliitimiza. Hata hivyo, nikiulizwa ni sehemu gani ya huduma yao iliyostahili malipo tuliyowapa, sitataja wepesi wala mauzo. Nitataja orodha.

Kabla ya kitu chochote kupangiwa bei, wafanyakazi wao walipita chumba kimoja baada ya kingine wakiandika kila kilichomo, wakikipiga picha na kukipa namba, hata vilivyokuwa ndani kabisa ya droo za jikoni. Kwa familia yenye watoto kadhaa, ambao baadhi yao wanaishi mbali, orodha ya namna hii ndiyo inayozuia maneno. Kila mmoja wetu alipata nakala na kuweka alama kwenye vitu alivyotamani kubaki navyo, na pale ambapo wawili walitaka kitu kimoja tulijua mapema, kitu chenyewe kikiwa bado mahali pake na hakuna aliyekwisha kukibeba. Cherehani ya mama, ambayo sokoni haina thamani kubwa, tuliitaka karibu sote, ilhali seti ya sahani aliyoitunza miaka yote katika kabati la vioo haikutakiwa na yeyote. Bila karatasi ile tungedhani kwamba ugomvi, kama upo, utatokea kwenye vitu vya bei.

Jambo jingine lililonipa imani ni kwamba hawakukubali kuuza chochote hadi walipoiona hati iliyomtambua kaka yangu kuwa msimamizi wa mirathi. Wapo wanaoudhika na sharti hilo, lakini ni la haki. Mali ya marehemu haiwi ya mtoto mwenye funguo za nyumba kwa sababu tu funguo anazo. Kwa kawaida madeni na gharama hutangulia kulipwa, ndipo warithi wagawane kinachobaki, na anayeuza kabla ya kupewa mamlaka huenda akadaiwa na wakopeshaji na ndugu zake pia. Kampuni isiyouliza hati hiyo haifai kupewa funguo.

Upekuzi wao ulikuwa wa makini kuliko ambavyo sisi wenyewe tungeweza, kwa kuwa mikono yetu ilikuwa ikisimama kila tulipoona mwandiko wa mama. Walifungua kila kitabu, wakakagua kila mfuko wa koti na kila bahasha, na wakatukabidhi noti zilizokunjwa, stakabadhi za benki, barua na picha, vikiwa vimetenganishwa. Walitushauri pia tusikimbilie kuifunga namba ya simu ya mama, kwa sababu benki na huduma nyingi hutuma namba za uthibitisho kupitia simu hiyo, na ikishafungwa kila akaunti inakuwa safari ya makaratasi. Ushauri huo mmoja ulituondolea usumbufu mkubwa.

Walikuwa waangalifu vilevile kwa kisanduku kidogo kilichochongwa kwa pembe za ndovu. Walikiweka kando na kutueleza kwamba biashara ya pembe hizo imebanwa na CITES, mkataba wa kimataifa kuhusu biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, ulioanza kutumika mwaka 1975 na kukazwa zaidi kwa uamuzi wa mwaka 1989, hivyo kitu kama hicho hakiuzwi wala kuvushwa mpaka kabla ya kujua sheria inasemaje, hata kiwe cha zamani kiasi gani. Wauzaji wengi wangekichanganya na mapambo mengine.

Upande wa bei sikuridhika. Kuhusu samani walikuwa wakweli, na ukweli huo ninauheshimu: walisema tangu mwanzo kwamba makabati makubwa ya mbao nyeusi hayapati wanunuzi kirahisi siku hizi, na kwamba thamani iliyoandikwa kwenye bima ni gharama ya kununua kipya, haihusiani na kiasi ambacho mtu atatoa kwa kilichotumika. Tatizo lilikuwa kwenye vito. Mthamini yuleyule aliyetupangia bei alijitolea kuvinunua yeye mwenyewe kwa niaba ya kampuni, akisema mikufu miwili ilikuwa imepakwa dhahabu tu. Dada yangu aliipeleka kwa sonara asiyehusika na mauzo, naye akaielekeza lenzi yake kwenye kifungio na kutuonyesha alama ya 750, yaani dhahabu ya karati 18, ambayo sehemu 750 kati ya 1,000 ni dhahabu tupu. Vijiko tulivyoambiwa ni vya kawaida vilikuwa na alama ya 925, ambayo ni ya fedha halisi.

Sidai kwamba kulikuwa na nia mbaya, kwani alama hizo ni ndogo na huchakaa. Ninachodai ni kwamba anayepanga bei hapaswi kuwa mnunuzi. Kampuni inayolipwa kamisheni hupata zaidi kitu kinapouzwa ghali, lakini ikikinunua yenyewe faida yake inatokana na bei kuwa ya chini, na mfiwa aliyechoka hawezi kuilinda mirathi dhidi ya mgongano huo. Kwa hiyo ninawapendekeza kwa kuorodhesha, kupekua na kuuza samani na vyombo; vito, saa, sarafu na michoro vipelekwe kwanza kwa mtaalamu ambaye hatavinunua.

Siku za mauzo zilienda vizuri, bei zikishushwa kwa utaratibu uliokubaliwa kadiri muda ulivyosonga. Walifunga chumba kimoja kwa ajili ya vitu vya familia, na walitushauri tusiwepo. Mimi nilikuwepo kwa muda mfupi, nikamwona mtu akiujaribisha begani mkoba wa mama, na ninaona ushauri wao ni sahihi.

Mkataba unahitaji kusomwa mstari kwa mstari. Kipengele kimoja kilisema kwamba chochote kitakachobaki bila kuuzwa kitakuwa mali ya kampuni, nasi tuliomba kifutwe na waliridhia bila ubishi. Mabaki yakapelekwa kwa wahitaji. Hakikuwepo kipengele chochote kuhusu kompyuta na simu, ambazo zilikuwa tayari zimepewa namba za mauzo huku zikiwa bado na picha na nywila za mama. Tuliziondoa. Kampuni ya kazi hii ingepaswa kulijua hilo kabla ya mteja.

Hesabu ya mwisho ilikuja kwa wakati, ikionyesha kitu, bei kilichouzwa na kamisheni iliyokatwa, isipokuwa kwamba sehemu nzima ya jikoni ilijumlishwa kwenye mstari mmoja ulioandikwa “vyombo mbalimbali”. Kaka yangu, ambaye kama msimamizi ndiye anayewajibika kwa warithi wote, alikataa kuipokea hivyo. Walirudi kwenye orodha yao ya awali, wakailinganisha namba kwa namba, na wakatuma mchanganuo kamili. Ndipo sote tukatia sahihi na akaunti ya mirathi ikafungwa.