Riba ya benki na ritani ya KRA: tathmini ya huduma mbili za kujaziwa ritani mjini Nakuru

Mwaka huu nimejaziwa ritani moja, yaani taarifa ya mapato ya mwaka inayopelekwa kwa Mamlaka ya Ushuru ya Kenya (KRA), mara mbili hapa Nakuru, kwanza kwenye saiba iliyo karibu na steji ya matatu, kisha kwa mhasibu mwenye chumba kimoja orofani nyuma ya soko, na tofauti kati ya kazi hizo mbili ilikuwa shilingi 11,400 za ushuru. Saiba ilinitoza shilingi 300. Mhasibu alinitoza shilingi 1,500. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya walimu wenzangu na wafanyakazi wengine wenye mshahara ambao wameweka akiba benki na hawajui kama riba yake inawalazimu kuandika lolote kwenye ritani.

Hali yangu ni ya kawaida. Ninakatwa ushuru kwenye mshahara kila mwezi na mwisho wa mwaka ninapewa fomu ya P9, inayoonyesha mshahara wa mwaka na ushuru uliokatwa. Mwaka jana niliweka shilingi milioni moja kwenye akaunti ya muda maalumu kwa riba ya asilimia 10, na muda ulipokamilika benki ilinihesabia riba ya shilingi 100,000, ikakata 15,000 kama ushuru wa zuio, yaani ushuru unaokatwa kabla mtu hajapokea fedha zake, ikaniwekea 85,000. Baadaye cheti cha makato hayo kiliingia kwenye barua pepe yangu kutoka iTax, mfumo wa mtandaoni wa KRA. Mbali na hayo, nilikuwa nimemkopesha mwenzangu wa kazini fedha, naye akanirudishia pamoja na faida ya shilingi 12,000.

Kijana wa saiba alikiona kile cheti, akajumlisha zile 100,000 na mshahara wangu, kisha akakidai cheti kama ushuru uliokwisha kulipwa. Kwa kuwa sehemu ya juu ya mshahara wangu iko kwenye kiwango cha asilimia 30, mfumo uliihesabia riba ile ushuru wa shilingi 30,000, ukatoa 15,000 zilizokatwa na benki, ukaniachia deni la 15,000. Nilipomuuliza kwa nini ninadaiwa ilhali benki imekata tayari, alinijibu, “Mwalimu, hii yote ni mapato, lazima iingie.” Akachapisha karatasi ya malipo, akahudumia mtu mwingine. Hakuniuliza kama nilikuwa na mapato mengine yoyote. Nilichukizwa zaidi kuona nywila yangu ya iTax imeandikwa kwa kalamu kwenye daftari lake, chini ya nywila za watu wengine kumi hivi, na daftari lenyewe liko wazi juu ya kaunta.

Mhasibu, mama wa makamo, alianza kwa kunigeuzia kibodi ili niandike nywila mwenyewe. Kisha akaipindua P9 yangu na kuchora mstari katikati ya mgongo wake kwa penseli. Kwa kila riba aliniuliza swali moja tu: “Mwalimu, hii ilitoka wapi?” Ya benki aliiandika kushoto, ya mwenzangu kulia. Akanieleza kwamba mtu binafsi anayeishi Kenya, akipata riba kutoka kwa benki yenye leseni, ile asilimia 15 inayokatwa na benki ndiyo ushuru wa mwisho. Riba hiyo haijumlishwi tena na mshahara, na haipandishi mtu kwenye kiwango cha juu. Upande wa kulia ulikuwa tofauti kabisa, kwa sababu zile 12,000 hazikupita mikononi mwa benki wala hazikukatwa chochote, kwa hiyo ni mapato ya kawaida yanayopaswa kutangazwa na kutozwa kwa kiwango changu cha juu. Asilimia 30 ya 12,000 ni shilingi 3,600. Aliwasilisha ritani ya marekebisho, lile deni la 15,000 likaondoka, na mahali pake ikabaki hiyo 3,600 ninayodaiwa kwa haki.

Kumbe nilikuwa nikijiuliza swali lisilo sahihi. Nilidhani kuna kiasi fulani cha riba ambacho mtu akikipita ndipo anapolazimika kufaili. Kinachomlazimu mtu ni PIN, yaani namba ya mlipa ushuru, iliyosajiliwa kwa wajibu wa ushuru wa mapato: ukiwa nayo, unawasilisha ritani kila mwaka kabla ya tarehe 30 Juni kupita, uwe na riba au usiwe nayo, na ukichelewa faini ya mtu binafsi ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, kiasi kilicho kikubwa. Riba ambayo haikukatwa ushuru na yeyote ndiyo inayobadilisha ritani yenyewe, maana fomu fupi ya wenye mshahara pekee haitoshi tena. Rafiki yangu mwenye kampuni ndogo asijipime kwa hesabu yangu, kwani kwa kampuni makato ya benki ni malipo ya awali tu na riba yote huingia kwenye ritani.

Huduma ya mhasibu huyu ina dosari ambazo msomaji anafaa kuzijua. Hapokei miadi, hivyo nilikaa kwenye benchi la ujia kwa zaidi ya saa mbili, na bei yake haikubandikwa popote mpaka mtu aulize. Jambo zito zaidi ni kwamba hakuniambia siku ya mwisho ya kulipa hadi nilipouliza mwenyewe nikiwa tayari mlangoni. Salio la ushuru wa mwaka hulipwa kufikia tarehe 30 Aprili, miezi miwili kabla ya siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani, na wengi wetu tunaoisubiri Juni tunaangukia kwenye riba ya kuchelewa kulipa, asilimia 1 kwa mwezi, bila kujua. Nilikwenda kwake Machi, kwa hiyo nililipa kwa wakati. Angekuwa mteja wa Mei, maelezo hayo yangekuwa yamechelewa.

Mwenye mshahara pekee, au mshahara na riba ya benki iliyokwisha kukatwa, hana haja ya kulipa hizo 1,500: kuwasilisha kwenye iTax hakutozwi ada, na kwenye Huduma Centre kuna dawati la Mamlaka ya Ushuru ambapo unasaidiwa bila malipo. Aliyekopesha watu binafsi kwa faida, na hasa aliyekwisha kujaziwa vibaya kwingine, ninamshauri apande zile ngazi za nyuma ya soko asubuhi na mapema, akiwa na P9, taarifa ya benki ya mwaka mzima na cheti cha makato, na aulize tarehe ya kulipa kabla ya kuketi.