Kigali kwa macho ya mtu wa Dar: uzoefu wangu

Nianze na hukumu kwa wenye haraka: Kigali nimeipenda na nitarudi, ila kuhamia, hapana.

Mimi ni mkazi wa Tabata, nimezoea mji unaokufuata ulipo. Ukikwama kwenye foleni ya Buguruni ndani ya daladala, maji yanakuja dirishani, karanga zinakuja, chaja ya simu inakuja, hata soksi za shule zinakuja. Kigali hakuna kinachokufuata. Kila kitu kina mahali pake, na mwenye miguu ni wewe. Ukilielewa hilo mapema utafurahia, usipolielewa utashinda na njaa katikati ya mji msafi.

Nilikwenda kwa basi. Ni zaidi ya kilomita 1,400 kupitia Dodoma, Singida na Kahama hadi Rusumo, na asikudanganye mtu, utafika umechoka. Mwenye nauli ya ndege apande ndege. Kampuni niliyopanda siitaji. Itoshe kusema kiyoyozi tulichosifiwa wakati wa kukata tiketi kilikata roho kabla ya Dodoma na hakuna aliyetuomba radhi.

Mpakani Rusumo mambo ni ya haraka kuliko nilivyotarajia. Unavuka mto Kagera, maporomoko yananguruma pembeni, na kwa kuwa ni kituo cha pamoja, muhuri wa kutoka Tanzania na wa kuingia Rwanda unagongewa sehemu moja. Kilichochukua muda ni ukaguzi wa mizigo. Rwanda walipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2008, sisi tukafuata 2019, kwa hiyo Mtanzania wa leo hana cha kushangaa, lakini wenzetu wanafungua begi kweli. Mama aliyekuwa mbele yangu alikuwa amefunga nguo za mtoto kwenye vile vifuko laini vyepesi, kimoja kimoja. Vilitolewa vyote, nguo akarudishiwa, akabaki amezikumbatia kifuani anatafuta pa kuziweka.

Baada ya hapo magari yanahamia kulia, na hapa sikuwahi kusikia mtu akitahadharisha: mlango wa basi letu uko kushoto. Maana yake, kila liliposimama kando ya barabara upande wa Rwanda, sisi tulikuwa tunashukia katikati ya lami, magari yanapita mbele ya pua. Mkiwa na watoto, shukeni mmewashika mikono. Na mjini kwenyewe, ukitaka kuvuka, shingo inaanza kulia kwa mazoea wakati gari linatokea kushoto. Ahueni ni kwamba kwenye pundamilia madereva wengi wanasimama. Wanasimama, jamani! Mara za mwanzo nilikuwa nawapungia mkono wapite wao, nao wananipungia nipite mimi.

Usafiri wa ndani ndio ulionivutia kuliko vyote. Pikipiki wanaziita moto tu, na ni nyingi ajabu, lakini ule mshikaki wetu wa abiria watatu kwenye bodaboda moja hautauona. Abiria ni mmoja, na dereva anakukabidhi kofia ngumu kabla hujakaa. Kofia hiyo imevaliwa na nusu ya mji, kwa hiyo mwenye kujali nywele atembee na kilemba chepesi cha kuvaa ndani. Dereva akiona taa nyekundu anasimama na kuzima hata kama barabara ni tupu. Siku hizi zipo pia pikipiki za umeme. Dereva anaingia kituoni, anachomoa betri iliyoisha, anapachika iliyojaa na safari inaendelea. Ukipanda hiyo kupandisha mlima, unasikia upepo na mazungumzo ya watu barabarani, kitu ambacho kwenye bodaboda ya Tabata hakipo.

Nauli mnaelewana kabla, na shida haikuwa nauli, ilikuwa anwani. Barabara zimepewa herufi na namba kwa mpangilio mzuri: KN ni Nyarugenge, KG ni Gasabo, KK ni Kicukiro, ndizo wilaya tatu za mji. Kwenye karatasi inapendeza. Mwonyeshe dereva hiyo namba, atakutazama tu. Yeye anataka kujua ni karibu na soko gani, shule gani, kanisa gani, kama vile ambavyo huku tunasema shuka Sheli, kata kulia pale kwa fundi viatu. Nilipoanza kusema "Kimironko, sokoni", maisha yakawa mepesi.

Mabasi ya mjini ni ya kadi, unaigusisha mlangoni na kupita. Watu wanapanga mstari, nami nilijikuta nimepanga bila kuambiwa. Hakuna konda anayening'inia, hakuna anayekuvuta mkono. Lakini saa za jioni mstari unakuwa mrefu hasa, na hakuna ujanja wa kupitia dirishani. Hapo ndipo nilipokumbuka daladala ya kwetu, ambayo imejaa na bado konda anakuambia kuna nafasi nyuma.

Chakula sasa. Hapa ndipo mtu wa Dar anaumia. Mji hauna mama ntilie kando ya barabara, hauna mihogo ya kukaanga wala mahindi ya kuchoma kila kona, kwa sababu biashara ya kutembeza mitaani hairuhusiwi. Ukisikia njaa saa tano asubuhi, subiri mchana, kisha uingie ndani ya mgahawa. Mchana ndio wakati wa melanji. Unachukua sahani, unapita kwenye vyungu: wali, viazi, ndizi, maharage, isombe ambayo ni kisamvu chao, ugali wa muhogo, tambi, kabichi. Jaza utakavyo, lakini ni mara moja tu, na nyama wanakupimia wao, kipande kimoja. Sasa tazama wenyeji wanavyofanya. Kijana mmoja wa ofisini, tai shingoni, alianza kwa kupanga vipande vya ndizi kuzunguka ukingo wa sahani kama fundi anayejenga ukuta wa mawe, akashindilia wali katikati, akapandisha maharage juu, kisha viazi, halafu akamalizia na nyama kileleni. Alitembea hadi mezani bila kudondosha punje. Mimi nilipakua cha adabu, nikatoka na njaa. Mezani utakuta Akabanga, pilipili ya mafuta kwenye kichupa kidogo cha kudondoshea. Matone mawili yanatosha. Mtu wa Pwani anayejiamini kwa pilipili mbuzi asijaribu matano.

Jioni kuna mishikaki, wenyewe wanaiita brosheti, ya mbuzi, mikubwa, inakuja na ndizi au viazi vya kuchoma. Ni mitamu. Haina haraka pia: ukiagiza, tulia, piga stori, usianze kuuliza uliza. Huduma nyingi za mezani pale zinakwenda kwa mwendo huo, kwa heshima kubwa na taratibu sana, na hili silipi alama nzuri.

Usafi nisiuseme sana, kila mtu ameusema. Niseme kinachoambatana nao. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni Umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi. Maduka yanafungwa na magari yanapungua barabarani. Usipange kusafiri asubuhi hiyo, na hakikisha una kifungua kinywa ndani. Zipo pia Jumapili mbili za mwezi ambazo baadhi ya barabara kuu zinafungwa kwa magari asubuhi. Watu wanakimbia, wanaendesha baiskeli, wazee wanapimwa presha. Hiyo nilitamani tuwe nayo Dar kwenye barabara ya Ali Hassan Mwinyi. Kwa jua letu, labda tuanze saa kumi na moja alfajiri.

Hali ya hewa ni zawadi. Mji uko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, usiku unajifunika blanketi bila kuwasha feni. Bei yake unalipa kwa magoti. Kila unakokwenda ni kupanda au kushuka, na ramani ya simu ikikuambia ni jirani, haikuambii kuna bonde katikati.

Usiku nilitembea peke yangu, mwanamke, simu mkononi, kutoka kwenye chakula hadi nyumba ya wageni. Dar nisingethubutu kwenye barabara isiyo na watu. Askari wenye silaha wanasimama kona kadhaa, wametulia, hawasemeshi mtu. Mimi walinipa amani. Rafiki niliyekuwa naye safarini alisema anajihisi anaangaliwa. Wote wawili tulikuwa tunaongelea kona moja.

Gisozi, kwenye makumbusho ya mauaji ya kimbari, nenda. Kiingilio ni bure, na pamezikwa zaidi ya watu 250,000. Usipange jambo lingine mchana huo. Kwa Mtanzania pana uzito wa ziada: mwishoni mwa Aprili 1994 umati wa wakimbizi wapatao robo milioni ulivuka Rusumo kuingia Ngara ndani ya takribani siku moja. Palepale Rusumo nilipokuwa nimepita nikinung'unikia kiyoyozi.

Sehemu ya mji iliyonirudishia Dar ni mtaa wa Nyamirambo. Misikiti, saluni zenye muziki, mafundi cherehani, sambusa, na Kiswahili kila hatua. Kwingineko mjini vijana wananijibu kwa Kiingereza na watu wazima kwa Kifaransa, ingawa Kiswahili nacho ni lugha rasmi tangu 2017. Jirani yake, Biryogo, kuna mtaa uliofungwa kwa magari, lami imepakwa rangi, meza ziko nje. Nilisimama nikishangaa, mama mmoja akaniita.

"Mwanangu, umetoka Tanzania?"

"Ndiyo mama, Dar es Salaam. Shikamoo."

"Marahaba. Kaa hapo, chai inakuja."

Na ikaja, yenye tangawizi, na chapati ambayo sikuiagiza lakini niliilipia kwa furaha. Kama una siku chache, lala upande huu badala ya kwenye vilima vya mahoteli. Kuna kelele kiasi, adhana utaisikia, ila hutahangaika na chakula wala lugha.

Mambo ya fedha: faranga moja haifiki shilingi mbili, kwa hiyo bei zitaonekana ndogo machoni mpaka upige hesabu. Malazi na migahawa ni ghali kuliko Dar kwa hadhi ileile. Moto na basi havikuumiza. Sajili laini ya simu kwa pasipoti siku unayofika, kwa sababu hata dereva wa moto anapokea kwa simu na wengi hawana chenji. Vitenge nunua Kimironko. Mafundi wako palepale sokoni, wanakupima na kukushonea ukiwa unazunguka zunguka. Bei punguza, wamezoea.

Kurudi, tiketi za kuja Tanzania zinakatwa Nyabugogo, stendi kuu, na ndiyo sehemu pekee ya Kigali ambako nilivutwa begi na wapiga debe kama niko Mbezi. Kumbuka Kigali wako nyuma yetu kwa saa moja. Simu yako inaweza kujirekebisha yenyewe, saa ya mkononi haijui. Muulize mkatisha tiketi muda alioandika ni wa wapi, umwambie auandike upya kwa kalamu mbele yako, na ufike mapema, maana basi likiondoka limeondoka. Pale hakuna bodaboda wa kukubali kulikimbiza.