Safu mbili au kadi: kufundisha uandishi wa muhtasari kwa visasili vya Kigiriki

Mwalimu wa sekondari Mtwara au Masasi anayewapa wanafunzi utafiti wa visasili vya Kigiriki hana budi kuamua mapema namna watakavyoandika wanachosoma. Daftari la safu mbili, mbinu iliyoenezwa na Walter Pauk wa Chuo Kikuu cha Cornell, huweka maswali kushoto, maelezo kulia na muhtasari chini ya ukurasa. Linafaa sana mwalimu anaposimulia darasani, na halihitaji zaidi ya rula.

Kwa utafiti wenye vyanzo kadhaa, hata hivyo, ningechagua kadi za karatasi ya manila, kwa kuwa kila moja hubeba hoja moja pamoja na chanzo chake. Persephone, binti wa Demeter, mungu wa mavuno, alikula komamanga kuzimu, na kwa sababu hiyo hulazimika kurudi huko kila mwaka: wimbo wa kale wa Kigiriki wa kumsifu Demeter unasema hukaa huko theluthi ya mwaka, ilhali Ovid, mshairi wa Roma, anasema nusu. Daftarini tofauti hiyo hufichwa na kurasa zilizo katikati. Kadi mbili zikilazwa sambamba juu ya dawati, mwanafunzi huiona mwenyewe na kuuliza sababu. Kadi hupotea upesi, kwa hiyo zitobolewe pembeni na kufungwa kwa uzi.