Queen, The Game (1980): nimeisikiliza santuri nzima hapa Bagamoyo

Haya watu wangu, mambo vipi, karibuni tena barazani kwetu Bagamoyo. Leo nina hii hapa, ngoja niisogeze kwenye kamera, The Game, albamu ya Queen, ile bendi ya roki ya Uingereza, kava lake linang'aa kama kioo, ukiligusa tu alama za vidole zinabaki ndo maana nalishika pembeni hivi. Aliyeniuzia aliapa haina mkwaruzo hata mmoja, kumbe upande wa pili upo, kwenye wimbo wa Save Me, sindano inaruka. Imeniuma sana.

Sasa muziki wenyewe. Queen kwenye albamu zao za mwanzo walikuwa wanaandika kabisa kwenye kava kwamba sintesaiza, ile kinanda ya umeme inayotengeneza sauti, hawajatumia, walijivunia hilo, gitaa juu ya gitaa, sauti juu ya sauti mpaka panajaa. Halafu wakaenda Ujerumani, studio ya Musicland pale Munich, wakafanya kazi na produsa Mack, na ukiweka tu sindano kitu cha kwanza unachosikia ni nini? Sintesaiza! Yaani wamekupokea nayo mlangoni.

Wapo mpaka leo wanaosema hapa ndo waliisaliti roki. Mimi nakataa, tena nakataa kabisa. Sikilizeni Another One Bites the Dust, kaitunga John Deacon, yule mpiga besi mpole... mmesikia? Besi, ngoma kavu, basi, pengine pote wamepaacha wazi. Mjomba wangu zamani alipiga besi kwenye bendi ya dansi, roki haimwingii kabisa, jana kapita na ndoo yake ya samaki akasimama hapo mlangoni mpaka wimbo ukaisha, akaniambia, "Mwanangu, huyu anajua kunyamaza."

Wimbo huo ukashika namba 1 Marekani, na Crazy Little Thing Called Love nao hivyohivyo, ule Freddie Mercury, mwimbaji wao, alisema kautunga akiwa kwenye beseni la kuogea, Freddie huyuhuyu aliyezaliwa Unguja 1946, hapo ng'ambo ya maji. Albamu yenyewe ikawa namba 1 Uingereza na Marekani pia, na kule Marekani hawakuishika tena namba 1 kwa albamu nyingine ya studio.

Upande wa pili unalegea kidogo, Don't Try Suicide mimi naruka, siipendi. Ila Save Me ya Brian May, mpiga gitaa wao, ile piano inaanza taratibu halafu Freddie anapandisha... na hapohapo sindano inaruka jamani. Mwenye kopi nzima anitafute, nanunua tena.